Kiti cha Seneti si jukwaa: niliyowaambia vijana wetu wa vyuoni

Haya niliyasema kwenye semina ya vijana wetu waliochaguliwa kwenye serikali za wanafunzi. Tulikutana nje ya geti la chuo kwa sababu mnazozijua. Baada ya hapo wengi mliniandikia mkitaka maandishi, hasa wale ambao mwezi ujao mnaingia Seneti. Nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu marudio.

*

Ndugu Mwenyekiti wa vijana wa mkoa, viongozi wa matawi ya vyuo, makamanda wenzangu, habari za mchana. Wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni.

Nimepewa mada inaitwa "Wajibu wa mjumbe wa Seneti ya chuo kikuu." Naona wengine mmeshaanza kushika simu. Nawaelewa kabisa. Ingekuwa mada ya Katiba Mpya au Tume Huru ya Uchaguzi, hapa pangewaka moto. Seneti nani anaijali? Tunaisikia mara moja kwa mwaka, matokeo yakibandikwa na chini yake pameandikwa kwamba ni ya muda mpaka yathibitishwe na Seneti. Basi.

Lakini humu ndani nimehesabu wanane ambao hivi karibuni mtapokea barua ya kuitwa kwenye kikao cha kwanza. Mtapewa kiti, kikaratasi chenye jina lako, maji ya chupa na kabrasha. Na mimi niliwahi kukaa kwenye kiti hicho. Kwa hiyo sitaanza na sheria. Nitaanza na kosa langu.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja cha umma, sitakitaja. Tulikuwa tumeshinda uchaguzi wa wanafunzi kwa kishindo, vijana wetu wamejaa kwenye baraza la mawaziri, na mimi nikateuliwa kuwa mmoja wa wawakilishi wa wanafunzi kwenye Seneti. Siku ya kikao nilivaa suti ya kuazima. Usiku ule sikulala, na wala sikuwa nasoma. Nilikuwa naandika hotuba. Hotuba ya bumu kuchelewa, maji kukatika hosteli, askari wa chuo kunyanyasa watu getini. Kabrasha lilikuja siku tano kabla, kurasa zaidi ya mia mbili, na nilikuwa nimelifungua ukurasa wa kwanza tu kuangalia kama jina langu limeandikwa sawasawa.

Kikao kikaanza. Akidi imetimia, muhtasari wa kikao kilichopita umethibitishwa, yatokanayo, halafu ajenda moja moja. Mimi nasubiri mengineyo ili nimwage sera. Ajenda ya saba ilikuwa marekebisho ya kanuni za mitihani. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye hoja?" Kimya. "Imepita." Dakika mbili hazikufika. Mimi nilikuwa narudia mistari ya hotuba yangu kichwani.

Yakafika mengineyo. Nikasimama. Nikaongea dakika nane, makamanda, niliongea! Nilipomaliza, Mwenyekiti, ambaye ndiye Makamu Mkuu wa Chuo, akanishukuru kwa upole sana, akasema suala la mikopo liko Bodi ya Mikopo, suala la maji liko kwa idara ya miliki, na suala la askari apelekewe mshauri wa wanafunzi. Kikao kikafungwa. Jioni nikaweka picha mtandaoni nikiwa nimesimama na kidole juu. Nikapata sifa nyingi. Mmoja aliandika, "Jembe letu limewaka Seneti."

Ile ajenda ya saba ilisema nini? Ilipunguza muda wa kukata rufaa ya matokeo kutoka siku kumi na nne kuwa siku saba, kuanzia siku matokeo yanapobandikwa, na ilisema rufaa iletwe kwa mkono, kwenye ofisi ya idara.

Miezi ilipita. Siku moja nimekaa kantini, akaja dada mmoja wa mwaka wa pili. Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na karatasi ya jaribio lake, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, maksi thelathini na moja kwa arobaini. Lile jaribio halikuingizwa kwenye mfumo. Somo likaanguka, na kwa kuwa mawili mengine hakufanya vizuri, wastani wake ukashuka chini ya kiwango. Akadisko. Matokeo yalibandikwa wakati wa likizo, yeye yuko kijijini kwao Kasulu, mtandao wa kubahatisha. Alipoyaona, siku nne zilikuwa zimeshapita. Akatafuta nauli, akapanda basi, akafika ofisini siku ya tisa. Akaambiwa muda umekwisha. Akaonyesha karatasi. Akaambiwa karatasi tunaiona, lakini kanuni ndiyo hiyo, imepitishwa na Seneti, na wanafunzi walikuwa na wajumbe wao.

Akaniuliza swali moja tu: "Mheshimiwa, na wewe ulikuwepo?"

Mnajua sisi viongozi wa wanafunzi tunavyopenda kuitwa waheshimiwa. Siku ile nilitamani aniite jina langu.

Nilikuwepo. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumjibu.

Sasa tuje kwenye mada, maana sikuja hapa kutubu tu.

Seneti ni nini? Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inataka kila chuo kikuu kiwe na vyombo viwili vikubwa. Kuna Baraza la Chuo, na kuna Seneti. Watu wengi wanavichanganya. Baraza ndilo lenye mali, fedha, ajira na sera kubwa za chuo. Seneti ndiyo yenye taaluma: nini kifundishwe, nani adahiliwe na kwa sifa zipi, mitihani iendeshwe vipi, utafiti usimamiwe vipi, nani apewe shahada na nani asipewe. Programu mpya ya masomo haiendi TCU kabla haijapita Seneti. Kalenda ya masomo, ile almanaki mnayoilaumu kila mwaka, inapita hapo. Kanuni ya supu, kanuni ya kudisko, kanuni ya kuahirisha mwaka ukiugua au ukijifungua, zote zinapita hapo. Mwenyekiti wake ni Makamu Mkuu wa Chuo. Wajumbe ni manaibu wake, marasi wa ndaki, maamidi, wakurugenzi, wawakilishi wa wahadhiri, na sisi wanafunzi wachache pale mwishoni mwa meza.

Niwape mfano wa nje ili tofauti ikae kichwani. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitaka sanamu ya Cecil Rhodes iondolewe chuoni. Walianza kwa maandamano, lakini halikuishia kwenye maandamano. Suala liliingia Seneti, wakapiga kura: wajumbe 181 wakataka iondolewe, mmoja akapinga. Lakini Seneti haikuwa na mamlaka ya kuing'oa. Ilipendekeza tu. Uamuzi ulikuwa wa Baraza, na Baraza likaamua tarehe 8 Aprili. Kesho yake winchi likaja. Mnaona? Wale vijana walijua mlango upi ni wa hoja na mlango upi ni wa uamuzi, wakagonga yote. Mimi nilipeleka maji ya hosteli kwenye chombo cha mitihani.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kujua kiti chako kinahusu nini. Tafuta hati idhini ya chuo chako, ile wanayoiita chata, na kanuni zake. Usisubiri semina. Isome, ujue una kura au huna, unaruhusiwa kuleta ajenda kwa njia gani, na ni mambo gani mwanafunzi hutolewa nje yanapojadiliwa. Kwenye chuo chetu ilipofika ajenda ya matokeo ya mitihani sisi wanafunzi tulitoka nje. Nilikuwa nanung'unika, nikaona tunadharauliwa. Baadaye nikaelewa kwamba matokeo ya mtu mmoja mmoja si yangu kuyachungulia, lakini kanuni inayoyazaa hayo matokeo ilijadiliwa nikiwa ndani, na mimi nikaiacha ipite.

Wajibu wa pili ni kusoma kabrasha. Najua mnacheka. Kurasa mia mbili, una test kesho, na bumu limeisha. Nawapa njia tuliyoigundua sisi baada ya kuumia. Mko wawili au watatu, gawaneni. Kila mmoja achukue sehemu, akae na kalamu, ajiulize maswali matatu kwenye kila ajenda: hapa kanuni gani inabadilika? Inamgusa mwanafunzi yupi? Na huyo mwanafunzi siku hiyo atakuwa wapi? Swali hilo la tatu ndilo lingeniokoa mimi. Siku saba ni nyingi kwa mtu anayeishi Sinza. Kwa mtu wa Kasulu ni nauli na mvua.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha. Baada ya lile tukio nilikwenda kumwona profesa mmoja aliyekuwa kwenye kile kikao. Nilikwenda na hasira. Nikamwambia, "Profesa, nyinyi mmetuonea." Mzee wa watu akanikaribisha chai. Akanieleza kwamba pendekezo lilitoka idarani, kwa sababu rufaa zilikuwa zinachelewa kiasi kwamba mitihani ya marudio inafika hata majibu ya rufaa hayajatoka, na mwanafunzi anafanya supu ya somo ambalo alishafaulu. Walitaka kufupisha ili majibu yawahi. Sababu ya maana kabisa. Akasema, "Lakini pale mezani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kusubiri matokeo yuko kijijini. Sisi wote tunaishi hapa. Wewe ndiye uliyekuwa na habari hiyo, na wewe ulinyamaza."

Hapo ndipo nilipoelewa mwanafunzi anawekwa Seneti kwa ajili ya nini. Pale hatuzidi mtu elimu, na kura zetu ni chache, hatuwezi kumshinda mtu. Tumewekwa pale kwa sababu kuna vitu tunavijua sisi tu: foleni ya maktaba ikoje saa tatu usiku, mhadhiri gani hajaingia darasani wiki sita, mfumo wa matokeo unakwama siku gani, msichana mwenye mtoto mchanga analala wapi wakati wa mitihani. Ukinyamaza kwa haya, kiti kiko wazi hata kama umekikalia.

Wajibu wa tatu, sema kwa ushahidi na kwa njia yake. Kila hoja inayofika Seneti huwa imepanda ngazi. Inaanza idarani, inakwenda kwenye bodi ya skuli au ndaki, inapita kamati ya Seneti, halafu ndiyo inafika pale juu. Ikishafika pale juu imeshapikwa, mnapakua tu. Ukitaka kubadili kitu, kamata kikiwa jikoni. Kwa hiyo wawakilishi wetu wa idarani na wa kwenye bodi, wale ambao tunawapa nafasi kama zawadi ya kampeni, hao ndio wa kuchagua kwa makini zaidi. Na ukisema, usiseme "wanafunzi wanalalamika." Sema wangapi, wa mwaka gani, somo gani, lini. Nilijionea mwenyewe: profesa anayekuangalia kama mtoto anabadilika ukimwekea jedwali lenye tarehe.

Wajibu wa nne, hakikisha umeandikwa. Hoja yako ikikataliwa, omba kwa heshima muhtasari uonyeshe kwamba mjumbe alipinga na sababu zake ni hizi. Usipige meza, usitoke nje kwa mbwembwe. Kikao kijacho muhtasari ukiletwa kuthibitishwa, usome. Kama maneno yako hayapo, nyoosha mkono. Anayekuja baada yako, hata miaka mitano mbele, ataanzia pale ulipoachia.

Wajibu wa tano, maslahi na siri. Ikija ajenda inayomhusu ndugu yako, mpenzi wako au wewe mwenyewe, sema kabla hawajakusema, na ukae pembeni. Na siri: kuna mambo ya watu pale, mtu kaugua, mtu kakamatwa na karatasi kwenye mtihani na bado anajitetea. Hayo hayatoki kwenye kundi la WhatsApp, hata kama mhusika ni mpinzani wetu wa kisiasa. Hasa kama ni mpinzani wetu. Lakini msiifanye siri kuwa blanketi la kulalia. Kanuni ikishapitishwa si siri. Uamuzi si siri. Mimi kanuni ya siku saba sikuitangaza kwa sababu sikujua kuwa ipo. Ningekuwa nimeweka tangazo moja tu kwenye makundi ya madarasa, "Jamani rufaa sasa ni siku saba," yule dada angepanda basi siku ile ile. Kurudi kwa waliokutuma ni nusu ya kazi.

Sasa nifike kwenye chama. Mwenyekiti naomba dakika zangu usizikate hapa.

Sisi tunalalamika, na tunalalamika kwa haki, kwamba chama tawala kimevishika vyuo vikuu kwa muda mrefu. Historia ipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, ambaye alitoka moja kwa moja kwenye kiti cha Katibu Mtendaji wa TANU. Baadaye tukamjua kama Spika. Mwaka uliofuata, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alifukuzwa chuo baada ya barua ya wazi iliyoukosoa uongozi, na FFU wakaingia Mlimani. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, ukitaka kwenda chuo kikuu lazima kwanza ufanye kazi, na upate mapendekezo ya chama. Fikirieni: sifa ya kudahiliwa, kitu ambacho ni cha kitaaluma kabisa, inapitia kwa katibu wa tawi. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, mamia wakatimuliwa.

Wahadhiri hawakukaa kimya milele. Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania walikutana wakatoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Walidai vyuo vijitawale, dola isiviingilie, na wanajumuiya wa chuo washiriki kuviendesha. Na hii ilikuwa bado enzi ya chama kimoja, miaka miwili kabla ya vyama vingi. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kufuatia mgomo wa wanafunzi. Wale waliuliza swali gumu mahali ambapo kuuliza kulikuwa na bei.

Na si Tanzania peke yake. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Archie Mafeje, msomi Mwafrika, kuwa mhadhiri mwandamizi. Serikali ya makaburu ikatia mkono, Baraza la Chuo likaogopa, likafuta uteuzi. Wanafunzi wapatao 600 wakakalia jengo la utawala siku tisa. Hawakushinda. Mafeje akaja huku kwetu, akaongoza idara ya sosholojia pale Mlimani. Chuo kile kiliomba radhi mwaka 2008, yeye alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Miaka arobaini kusema samahani! Wajumbe wa lile Baraza hawakuwa watu wabaya wote. Walikuwa watu waliokaa kikaoni huku masikio yao yako nje ya kikao.

Sasa swali langu kwenu. Sisi tukiingia, masikio yetu yatakuwa wapi?

Maana nimeshaanza kusikia. Kuna kamanda mmoja, na yuko humu ndani anacheka, alinipigia simu kipindi kile akataka nimpigie picha kurasa za kabrasha nimtumie, tuzirushe mtandaoni kabla ya kikao. Nilimuuliza kuna nini humo. Akasema, "Hata sijui, lakini hatutakosa kitu." Nilikataa, akaniita msaliti kwa wiki mbili. Na kuna matawi yanawaita wajumbe wetu usiku wa kuamkia kikao kuwapa "msimamo." Msimamo wa chama kuhusu ajenda ambazo chama hakijazisoma.

Makamanda, hiki tunachokifanya ni Azimio la Musoma letu dogo. Kama ni vibaya katibu wa chama tawala kuamua nani asome, ni vibaya pia katibu wa tawi letu kuamua mjumbe apige kura vipi juu ya kanuni ya mtihani. Mjumbe wa Seneti akishakaa pale hana kadi. Anao wanafunzi, wa chama chetu, wa chama chao, na wale wengi zaidi ambao hawana habari na chama chochote wanachotaka ni kumaliza shule. Yule dada wa Kasulu sijawahi kumuuliza alimpigia nani kura. Kanuni ya siku saba nayo haikumuuliza.

Chukueni mfano mgumu. Novemba 2022 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia shahada ya heshima ya udaktari. Mtandaoni kwetu palikuwa hapakaliki, kila mtu ana lake. Sasa tuseme ajenda ya namna hiyo inakuja kwenye chuo chako, kwa kiongozi yeyote, na wewe ni mjumbe. Tawi litakuambia toka nje, piga video. Wa upande wa pili watakuambia piga makofi. Mjumbe wa kweli anauliza: vigezo vya shahada ya heshima kwenye kanuni zetu vinasemaje? Nani alipendekeza, na kamati iliyochambua iliandika nini? Vigezo hivi tungevitumia hivi hivi kwa mtu wa upande mwingine? Ukiuliza hivyo, hata ukishindwa, umekilinda chuo. Na siku sisi tukishika nchi, kiongozi wetu akiletwa kutunukiwa, nataka awepo kijana mwishoni mwa meza anayeuliza maswali hayo hayo matatu bila kuogopa. Ikiwa tutamchukia kijana huyo, basi hatukutaka mabadiliko, tulitaka zamu.

(Hapa palikuwa na makelele kidogo. Mzee mmoja wa mkoa alisimama akasema, "Kijana, chama kilikupeleka pale." Nilimjibu hivi.)

Mzee wangu, shikamoo. Kweli chama kilinipeleka, na nakishukuru. Kilinifundisha kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Lakini mzazi anayempeleka mwanawe kuwa daktari hampigii simu akiwa chumba cha upasuaji kumwambia akate wapi. Chama kinaweza kunifundisha misingi: usawa, haki, uwazi. Kinaweza kunidai nikirudi, niliiheshimu misingi hiyo au la. Hicho ndicho naomba mkidai. Nidaini kabrasha, msinidai video.

Namalizia.

Mtataka kujua ile kanuni iliishaje. Tuliifanyia kazi semista mbili. Tulikusanya visa kumi na moja vya watu waliokosa rufaa kwa sababu ya muda, kila kimoja na tarehe ya kubandikwa, tarehe ya kuona, tarehe ya kufika. Yule yule profesa ndiye aliyetuonyesha pa kupitishia. Ilianzia idara moja, ikaenda bodi, ikakwama kwenye kamati, ikarudishwa, tukarekebisha. Mmoja wa wawakilishi wetu kwenye bodi alikuwa kijana wa chama tawala. Alifanya kazi kunizidi mimi, lazima niseme ukweli. Mwisho Seneti ikarudisha siku kumi na nne, ikaruhusu rufaa itumwe kwa barua pepe, na ikaagiza wanafunzi wajulishwe kwa ujumbe wa simu siku matokeo yanapotoka. Siku hiyo sikutoa hotuba. Niliongea dakika moja na nusu. Wala sikupiga picha.

Yule dada haikumsaidia. Kanuni mpya hairudi nyuma. Alikuwa ameshaondoka, aliomba chuo kingine, akaanza upya mwaka wa kwanza, miaka miwili ya maisha yake imekwenda pamoja na mkopo wake. Huwa namjulia hali WhatsApp. Hunijibu vizuri tu, hana kinyongo. Huandika, "Poa Mheshimiwa, za huko?"

Nyinyi wanane mnaopokea barua mwezi ujao, kabrasha likifika, lifungueni usiku huo huo. Anzeni na ajenda ile ndefu yenye kichwa cha habari kinachochosha.